Kasoro Iko Chumbani: Mwanafunzi Mgeni na Mshauri Wake
(Mhadhara uliotolewa Shimanzi, Mombasa, mbele ya wazazi, walimu, viongozi wa dini na wanafunzi)

 

Nashukuru kwamba mmechagua Shimanzi. Mihadhara ya mambo ya vyuo kwa kawaida hufanyika vyuoni, mbele ya watu ambao ni kazi yao kuhudhuria. Hapa tumezungukwa na maghala, reli na matangi ya mafuta. Lori likipita nitanyamaza, likishapita tutaendelea. Na hapa panafaa kwa sababu nyingine. Upande wa pili wa Makupa, kule Tudor, kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na vyuo vingine vina matawi katikati ya mji. Baadhi ya vijana mnaowaona alfajiri wakitoka zamu ya kupakia mizigo si vibarua tu. Saa mbili asubuhi wana kipindi.

Mimi ni mwanasaikolojia mshauri katika chuo kikuu kimoja. Kusudi langu leo ni kutetea kauli moja tu. Mwanafunzi aliyetoka mbali asipopata nafuu kwetu, au asipokuja kabisa, sisi wa kazi hii huwa wepesi kumtupia lawama: kabila lake halijazoea kusema, dini yake inamzuia, wazazi wake hawakusoma. Mimi nasema aghalabu kasoro iko chumbani mwetu: mahali tulipokiweka chumba, saa tunazokifungua, lugha tunayotumia ndani yake, na swali tunaloanza nalo. Nitaitetea kwa hoja nne. Wanafunzi nitakaowataja ni wa kutunga, nimewaunga kutokana na mambo ya kila muhula, ili asitambulike mtu. Mombasa jirani ni hodari wa kutambua.

HOJA YA KWANZA: Mgonjwa akinyamaza, mganga ajitazame

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha daktari Mwingereza, J. C. Carothers, kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Carothers hakuwa mpita njia. Aliongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950, na waliopita mikononi mwake walikuwa watu wa nchi hii. Baada ya miaka yote hiyo akahitimisha kwamba Mwafrika hutumia kwa uchache sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa kichwa na kukatwa mishipa ya sehemu hiyo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilimchapishia kijitabu kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Humo watu waliokuwa wakidai ardhi wanaelezwa kama watu waliovurugwa akili na mabadiliko ya zama.

Mwaka ule ule wa 1953, mwezi wa Novemba, daktari kijana mzaliwa wa Martinique, Frantz Fanon, aliripoti kazini katika hospitali ya Blida-Joinville, Algeria. Alikuta wodi za Wazungu na wodi za Waislamu. Akaanzisha matibabu ya kijamii aliyojifunza Ufaransa: mikutano ya wagonjwa, gazeti la wodi, filamu, sherehe. Kwa wanawake wa Kizungu mambo yakaenda vizuri ndani ya muda mfupi. Kwa wanaume Waislamu hakuna kilichosonga. Waliitwa mkutanoni wakakaa kimya, wakapewa ukili wasuke, wakaona hiyo ni kazi ya wanawake.

Carothers angekuwa na maelezo tayari. Fanon na mwenzake Jacques Azoulay walifanya jambo jingine. Walijiuliza wenyewe wamekosea wapi, wakaandika makala mwaka 1954 wakikiri kwamba walileta desturi za watu wengine na kuziita tiba. Kisha wakafungua mkahawa wa Kiarabu ndani ya hospitali, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu, wakamleta msimulizi wa hadithi, wakawapa wagonjwa majembe badala ya ukili. Wanaume wale wakaanza kuzungumza.

Naona mzee wangu wa mstari wa mbele anacheka. Ndiyo, mzee, kahawa! Mkitoka msikitini mkakaa barazani Kibokoni na vikombe vyenu, mnafanya nusu ya kazi ninayolipwa mimi, na hamniombi hata senti.

Wote wawili walimwona Mwafrika aliyenyamaza mbele ya daktari. Mmoja akachunguza fuvu la kichwa, mwingine akachunguza wodi. Na msidhani Carothers amekwisha kuzikwa. Siku hizi anavaa suti na kuitwa utaalamu wa tamaduni. Mshauri anapewa orodha semina: Msomali hafunguki kwa mgeni, Mmijikenda atakwambia amerogwa, Mluo ana fahari, Mkikuyu anawaza fedha. Orodha inafurahisha, tena inatolewa kwa nia njema. Lakini ni fuvu lile lile.

Chukueni msichana kutoka Wajir. Amekaa mbele yangu dakika ishirini, anajibu ndiyo na la. Orodha inasema: Msomali. Nikijitazama mimi naona mengine. Miadi nimempa Ijumaa adhuhuri. Chumba kinatazamana na dirisha la kulipia karo, na kwenye foleni ile yupo binamu yake. Mshauri ni mwanamume na mlango umefungwa. Nikibadilisha siku, nikampeleka kwa mwenzangu wa kike na mlango ukaachwa wazi kidogo, huenda akasema kwa saa nzima. Na huenda nikagundua kwamba Wajir ni kwa babu yake tu. Yeye kazaliwa Eastleigh na Sheng anaijua kuliko nyote mlioko humu. Kwa hiyo kabila lake limenipa swali la kumuuliza. Jibu analo yeye.

HOJA YA PILI: Mgeni wa zamani alipokewa na watu, wa leo anapokewa na simu

Kisiwa hiki kina ujuzi mkubwa wa kupokea wageni, na ushahidi umo katika majina. Taifa kumi na mbili za Mombasa, Thenashara Taifa, zina Wapate, Wafaza, Washaka, Wamtwapa, Wakilifi, Wajomvu. Majina mengi ni ya mahali watu walikotoka. Aliyeingia mjini aliingia kwa mlango wa watu wake: wapo wa kumdhamini, wa kumpa mke, wa kumzika. Hakuachwa akajitafutie ujamaa kwenye ubao wa matangazo.

Chuo cha Tudor nacho kilianza kwa namna hiyo. Kiliasisiwa 1948 kwa jina la Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora, na wanafunzi wa kwanza waliingia 1951. Kilikuwa chuo cha Waislamu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1966 jina likawa Taasisi ya Kiufundi ya Mombasa na watu wa dini zote wakafunguliwa mlango. Ikaja Politekniki mwaka 1972, na hatimaye hati ya chuo kikuu kamili Januari 2013. Milango imepanuka, nami nafurahi. Ila wadhamini wa mgeni hawakupanuka pamoja nayo.

Leo vijana wanapangiwa vyuo na shirika la KUCCPS kwa alama zao na chaguo zao. Wa Lodwar anapangiwa Mombasa, wa Kwale anapangiwa Eldoret. Ni jambo jema kwa nchi. Lakini kijana wa Lodwar anafika na sanduku na ujumbe kwenye simu. Hosteli imejaa. Chumba cha kukodi kinadai malipo ya miezi miwili kabla ya kupewa ufunguo. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, haujaingia. Na tangu mfumo mpya wa ufadhili wa 2023, anatiwa katika kundi kulingana na uwezo wa kwao, na kundi hilo ndilo linaloamua ruzuku yake, mkopo wake, na kiasi ambacho mama yake mwenye genge la mboga atatakiwa kutoa. Akiona amewekwa kundi lisilo lake, anakata rufaa na kungoja.

Kijana huyo anakuja kwangu akisema halali usiku na kichwa kinamuuma. Ninayo fomu ya kupima sonona, ina maswali tisa, ni nzuri na naitumia. Lakini kabla ya fomu namuuliza: jana ulikula nini? Kisha: hapa Mombasa, ukiugua usiku, nani atakupeleka hospitali? La pili ndilo linalowatoa machozi.

Wapo wenzangu wanaosema fedha na malazi si kazi ya mwanasaikolojia, ni ya ofisi ya ustawi. Nawaheshimu, na sikubaliani nao. Mtu hafundishwi kupumua polepole huku mwenye nyumba anagonga mlango. Tena wako waliopewa mkopo wakatuma nusu nyumbani, kwa sababu mdogo wao kafukuzwa shule kwa karo. Fomu yangu itamwita huyo mwenye wasiwasi uliopita kiasi. Kwao anaitwa mtoto mwema. Lazima nijue namzungumzia yupi kabla sijaanza kumshauri "ajiwekee mipaka", shauri ambalo katika nyumba nyingi za Kenya ni sawa na kumwambia aikane familia yake.

Nitaje mtoto mmoja wa mji huu ambaye habari zake zinajulikana na wote. Ali Mazrui alizaliwa Mombasa 1933, mwana wa Kadhi Mkuu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Mtihani wa Cambridge alipata daraja la tatu, Makerere haikumchukua, akaajiriwa karani hapo MIOME. Mapema miaka ya 1950 alihutubia katika sherehe ya Maulidi, na Gavana Philip Mitchell alikuwapo akamsikia. Kutoka hapo njia ya kwenda kusoma Uingereza ikafunguka, na yaliyobaki mnayajua: Manchester, Columbia, Oxford, vitabu, na kaburi lake la 2014 karibu na Fort Jesus. Alikuwa wa ukoo wa wanazuoni, na bado alihitaji mwenye mamlaka mmoja amsikilize. Mwanafunzi aliyefeli masomo matatu muhula uliopita hana gavana. Ana mimi. Basi mojawapo ya kazi zangu ni kuinua simu na kumwambia mkuu wa idara: huyu aahirishe masomo, asifukuzwe.

HOJA YA TATU: Siri na imani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapokosana na wazazi.

Mji wa Kale una vichochoro ambamo mtu akipiga chafya Bondeni, Makadara wanamwombea rehema. Mwanafunzi anayekaa kwa mjomba wake Kibokoni hawezi kuingia kwenye mlango ulioandikwa kwa herufi kubwa "Ushauri Nasaha" bila habari kumtangulia nyumbani. Akionekana kaingia, atasemwa ana wazimu, au kala muguka, au ana mimba. Kwa hiyo mlango wangu haufai kuwa na shughuli moja. Chumba kimoja kisaidie kuandika barua za kuomba kazi, kijaze rufaa za HELB, kieleze habari za mafunzo ya kazini, na humo humo mwenye jambo zito apate nafasi ya kubaki nyuma wenzake wakiondoka. Hii si hila. Ni heshima kwa mji tunaoishi.

Siku ya kwanza namwambia mwanafunzi: utakayonieleza ni siri, isipokuwa pale ambapo maisha yako au ya mwingine yako hatarini. Wazazi, mnanipigia simu mkiuliza, "Mwanangu alikuja? Kasema nini?" Nami nawajibu kwa adabu kwamba siwezi kusema hata kama alikuja. Mnakasirika. Akina mama wa Kiswahili mliomo humu, mkumbukeni somo wa mwali. Mwali alimwambia somo wake yale asiyoweza kumwambia mama yake, na mama hakwenda kuyadai, wala somo hakuyapeleka. Mlinielewa kabla sijazaliwa, kwa nini mnanikatalia leo?

Sasa imani. Kijana anayesikia sauti usiku, nyumbani atapelekwa kwa sheikh asomewe na kunywa kombe, au kwa mchungaji aombewe, au kwa mganga apungwe. Akija kwangu baadaye, simuulizi kwa kejeli. Namuuliza alisomewa na nani, na baada ya hapo alijisikiaje. Wengine walipata utulivu wa kweli, na utulivu ni kitu cha kujengea. Kuna mahali nasimama: pakitumika minyororo, kipigo, njaa, au pakisemwa dawa za hospitali ziachwe. Hapo siongei kwa upole tena.

Na kuna vijana wanaoniambia saikolojia ni mambo ya Wazungu. Nawaeleza habari za Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh, katika nchi ambayo leo ni Afghanistan, aliyefariki mwaka 934. Aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi, akalalamika kwamba matabibu wa zama zake wanashughulikia mwili na kuiacha nafsi. Alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana chanzo chake. Alishauri pia mtu ajiwekee fikra njema wakati wa raha ili azitumie siku ya dhiki, na ushauri huo kwa kiasi kikubwa ndio tunaoufundisha leo. Mwaka 1979 Malik Badri wa Sudan aliandika kitabu akiwakaripia wanasaikolojia Waislamu waliomeza kila kitu kutoka Magharibi bila kutafuna. Nakubaliana naye zaidi ya nusu. Palipobaki, nadhani alikuwa mkali kuliko haja.

Mfano wa kutenda ni wa Thomas Adeoye Lambo, Mnigeria. Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, aliwaweka wagonjwa katika vijiji pamoja na jamaa zao. Walilala kwa wanakijiji, mchana wakaja hospitalini, na waganga wa jadi wakashirikishwa chini ya uangalizi wa madaktari. Hakuwapa waganga hospitali, wala hakuwafukuza. Nimeomba mashekhe na wachungaji waliomo humu tubadilishane namba za simu kwa sababu hiyo hiyo. Akija kwenu kijana asiyelala siku tano na kusema maneno yasiyoungana, msomeeni, kisha mnipigie usiku huo huo.

HOJA YA NNE: Mikono

Nitaharakisha, naona saa. Mwaka 2020 jopo la taifa la afya ya akili, likiongozwa na Dkt. Frank Njenga, lilipendekeza hali ya afya ya akili nchini itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia tunayo tangu 2014, na Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa 2022. Karatasi zipo. Washauri ndio wachache. Mmoja wetu hutakiwa kuwahudumia maelfu, na hiyo ni hesabu ya kuchekesha.

Njia iliyothibitika ni kuwafundisha watu wa kawaida sehemu ya kazi. Harare, tangu 2006, Dkt. Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi kuwasikiliza watu kwenye mabenchi nje ya kliniki, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha wanaosaidiwa hivyo wanapata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Hapa Kenya, Shamiri ya Tom Osborn inawatumia vijana waliomaliza shule kuendesha vikao vifupi kwa wanafunzi wa sekondari. Matokeo ya jaribio lao la Nairobi na Kiambu, lenye wanafunzi 413, yalichapishwa 2021, na dalili za sonona na wasiwasi zilipungua. Makomredi wangu wanafunzi, nawatazama ninyi.

Sababu nyingine ya kuwataka ni Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu kile, na wauaji waliwatenga wanafunzi kwa dini. Manusura wengi walihamishiwa Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi. Baada ya jambo kama lile mshauri haanzi na fomu. Anaanza kwa kuuliza nani analala chumba kimoja na nani, na kama Mwislamu na Mkristo bado wanapika sufuria moja. Hayo yanajulikana na wanafunzi wenyewe tu.

Niseme na jingine ambalo limebadilika karibuni. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi miaka miwili gerezani. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, mwanafunzi aliyenusurika alikuwa mgonjwa kwangu na mshukiwa kwa polisi. Sasa mwenye nyumba au rafiki anaweza kumkimbiza Hospitali Kuu ya Pwani bila kuogopa pingu. Waambieni watu. Wengi mitaani bado hawajasikia.

YALIYO MBELE

Mwaka 2029 vijana wa kwanza wa mtaala wa umilisi wataingia vyuo vikuu. Wamelelewa wakiulizwa wanapenda nini na wanaweza nini. Watatuuliza maswali ambayo kizazi cha 8-4-4 kiliyameza, na hawatakubali kukaa kwenye foleni ya mlango mmoja unaofungwa saa kumi na moja jioni. Muda uliobaki si mwingi.

Kabla ya hapo nataka mambo matatu katika kisiwa hiki. Chumba cha ushauri kifunguliwe usiku mara mbili kwa wiki, kwa ajili ya wanaofanya kazi mchana na wanaofanya zamu, na kiwe nje ya lango la chuo, hata hapa Shimanzi kama ghala moja litatupa pembe. Vyuo vyote vya mji viunganishe washauri wao, ili Mgiriama anayetaka kuzungumza Kigiriama ampate anayekijua hata kama yuko chuo kingine, na msichana anayetaka mshauri wa kike asingoje mwezi. Na wenyeji mjiandikishe kuwa wadhamini: kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiye na ndugu Mombasa apewe jina la nyumba moja ambako anaweza kubisha hodi. Futari moja, chakula cha Jumapili moja, na mtu wa kupigiwa simu usiku.

Barua kwa manaibu chansela wa vyuo vyetu nimeiandika rasimu. Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, naomba izungushwe sasa pamoja na karatasi ya wadhamini, watu wasome na kurekebisha wanapoona imekosewa, wakati tunapokea maswali.